Kwa mabinti mnaoandika programu huku mtoto analia chumba cha pili

Wanangu hamjambo,

Mimi ni yule bibi mliyemuona Jumamosi kakaa kwenye kona na kikombe chake cha chai ya tangawizi, nilimsindikiza tu mkwe wangu, hata sikujua mnafanya nini pale. Nikasikia mnasema "tunaandika kodi, tunaandika kodi" nikajua hawa watoto wote wameajiriwa TRA, kumbe ni programu za kompyuta. Basi nikatulia nikasikiliza.

Sasa kuna mawili niliyasikia yamenikaa rohoni mpaka leo. Mmoja wenu alisema mteja akipiga simu na mtoto analia yeye anakimbilia chooni anafunga mlango, anafungulia na bomba ili sauti isisikike. Mwingine akasema katengenezea duka mfumo mzima wa stoo, miezi miwili, kachukua laki mbili, alipoulizwa mbona kidogo akajibu "aah si nafanyia nyumbani tu". Nyumbani tu! Hiyo "tu" ndiyo imenifanya nichukue simu ya mjukuu niandike barua hii, mnisamehe herufi.

Msinione hivi, mimi miaka ya sabini nilikuwa natoboa kadi Dar. Zamani kompyuta ilikuwa inalishwa makadi yenye matundu, wewe unakaa kwenye mashine unatoboa kutwa nzima, ukikosea tundu moja kazi yote inakataa. Nilikuwa na mkono mwepesi sana, tena najisifu. Tumbo lilipoanza kuonekana bosi akaniambia nenda kalee, utarudi ukimaliza. Nikimaliza lini? Nimelea watano, sasa nalea wajukuu, bado sijamaliza. Sikurudi tena.

Kwa hiyo mkwe wangu aliponisomea habari za mama mmoja wa Uingereza, Stephanie Shirley, aliyefungua kampuni ya programu nyumbani kwake, nilimwambia rudia, akarudia, nikamwambia rudia tena.

Huyu kazaliwa Dortmund, Ujerumani, 1933, baba yake hakimu Myahudi, na mnajua wenyewe Wayahudi wakati wa Hitler walifanywaje. 1939 wazazi wakampandisha treni pale Vienna yeye na dada yake, watoto watupu bila wazazi, wanapelekwa Uingereza kwa watu wasiowajua. Yeye ana miaka mitano, dada ana tisa. Akalelewa na familia ya Kiingereza, akapenda hesabu, shuleni kwao wasichana hesabu hizo hawafundishwi akawa anakwenda shule ya wavulana kuzifuata. Ana miaka 18 akapata kazi kituo cha utafiti cha posta, Dollis Hill, London, huko ndiko alikozijulia kompyuta, na digrii yake ya hesabu kaisoma jioni baada ya kazi, miaka sita. Kila akijaribu kupanda cheo anakuta mlango umeshafungwa. Alikuwa na utani wake, anasema mwanamke mwenye kutaka makubwa utamjua kwa kichwa, juu kiko bapa kwa kupapaswa papaswa kama mtoto.

1962 akaacha kazi akafungua kampuni yake kwenye meza ya chakula nyumbani, mtaji paundi 6. Sita jamani. Anauza programu, na wakati huo watu wanamcheka, programu si unapewa bure ukinunua mashine, nani atalipia? Akaandika barua kwa makampuni, hakuna anayejibu. Mumewe akamwambia acha kusaini Stephanie, saini Steve. Akasaini Steve, milango ikaanza kufunguka, wanaume wanakuja wanataka kuonana na bwana Steve wanamkuta mama. (Msije mkasema bibi katuambia tujiite Juma. Sijasema.)

Akawa anaajiri wanawake waliokuwa wanajua kazi ila wameolewa au wamezaa, wakaondoka maofisini kama mimi. Katika watu 300 wa mwanzo, 297 ni wanawake. Na swali mojawapo la kuombea kazi lilikuwa je, una simu nyumbani unayoweza kutumia? Hawana kompyuta nyumbani, nani angekuwa nayo, wanaandika programu kwa penseli kwenye karatasi, wanatuma kwa posta, huko zinatobolewa kadi, ndo kompyuta inaziendesha. Hapo ndipo nilipomwambia mkwe rudia, maana mimi ile kazi ya kati naijua kwa vidole hivi.

Sasa wewe wa chooni nisikilize. Huyu mama naye alikuwa na mtoto mchanga anayelia, alifanya nini, alirekodi mlio wa taipureta kwenye tepu, simu ikiita anawasha tepu, mteja anasikia ofisi nzima inachapa ka ka ka. Nilicheka mpaka machozi. Lakini angalia, alimficha mtoto kwa mteja, kwa wenzake hakumficha, kampuni yenyewe ilijengwa juu ya watoto wanaolia. Wewe unajificha hata kwa wenzio wa pale Jumamosi, ulisema kwa aibu nilikuona.

Na wewe wa laki mbili, huyu mama hakuuza masaa, aliuza kazi iliyokamilika kwa bei moja waliyokubaliana kabla ya kuanza. Mteja hana haja ya kujua umeiandikia sebuleni au unabembeleza mtoto, anachojua kazi imefika na inafanya kazi. Programu ya kile kisanduku cheusi cha ndege ya Concorde, kinachorekodi mambo ya safari, iliandikwa na hao wanawake wakiwa majumbani mwao. Mwambie mtu kisanduku cha Concorde ni kazi ya "nyumbani tu" uone.

1975 sheria ya usawa ikaja, ikabidi waajiri na wanaume, haya, mengine ni hayo. Baadaye akawagawia wafanyakazi hisa zake mwenyewe, kampuni ilipokuja kupanda thamani watu 70 wakawa mamilionea. Mimi hapo napita haraka kwa sababu nyie mkisikia milionea mnasahau mengine yote.

Ila msidhani aliishi kwa raha. Mtoto yule aliyefichwa kwa tepu, Giles, alipofika miaka miwili na nusu aliyapoteza hata yale maneno machache aliyokuwa nayo, usonji mkubwa, hakusema tena maisha yake yote. Akafariki 1998 ana miaka 35. Mama akaanzisha vituo na shule ya watoto wenye usonji, na fedha zake nyingi zikaenda huko. Yeye mwenyewe kafariki Agosti 2025, miaka 91. Kwa hiyo mtu akikwambia fulani kaweza vyote, kazi na watoto na nini, muulize kwanza usiku alilala saa ngapi.

Basi. Wewe wa laki mbili, yule mwenye duka mkwe kaniambia anataka uongeze sehemu ya madeni kwenye ule mfumo wa stoo. Usimtajie bei kwenye simu. Njoo kwangu Alhamisi mchana na daftari, tukae tuandike kila kitu unachomfanyia mstari kwa mstari kisha ndo tuweke hela chini. Mtoto njoo naye, nitamshika mimi. Akilia atalia.

Ni mimi,
Bibi wa kwenye kona