Barua ya malalamiko: ng’ zilizoharibika na vyeti visivyohuishwa baada ya kuhamishiwa seva mpya

Kwa Meneja wa Huduma kwa Wateja,

Ndugu Meneja,

YAH: TOVUTI BINAFSI ZILIZOHARIBIKA BAADA YA KUHAMISHIWA SEVA MPYA

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Sisi ni wateja wa kifurushi chenu kidogo cha kuhifadhi tovuti, tunaotunza tovuti binafsi za Kiswahili: hadithi, mapishi, kumbukumbu za koo, masomo ya sarufi. Hatulalamikii kuhamishwa kwenyewe. Seva ya zamani ilikuwa imechoka, na hii mpya ina kasi. Tunalalamikia namna kazi ilivyofanywa, na zaidi majibu ya dawati lenu la msaada, ambayo hayagusi chanzo cha tatizo.

Tuanze na maandishi. Tangu tovuti zihamishwe, ng’ombe anasomeka “ngâ€™ombe”, na ng’ambo, ng’oa na kung’aa yamepatwa na hayohayo. Katika lugha yetu hilo si doa dogo, maana ng’ ni sauti kamili, na ukurasa unaofundisha tofauti ya ng na ng’ sasa haufai kitu. Dawati lenu limejibu kwamba kosa ni la mandhari ya tovuti (theme), yaani muundo wa mwonekano wake. Si kweli, na ushahidi umo ndani ya kurasa zenyewe: palipotumika alama iliyonyooka neno limebaki zima, palipotumika alama iliyopinda, ile inayowekwa na iPhone au Word, neno limeharibika. Mandhari haina uwezo wa kuchagua hivyo.

Sababu ni hii. Alama iliyonyooka ni baiti moja, na ni ileile katika UTF-8 na latin1, njia mbili za kuandika herufi kama baiti. Iliyopinda ni baiti tatu katika UTF-8: E2 80 99. Faili la hifadhidata lilikuwa la UTF-8, lakini wakati wa kuliingiza kwenye seva mpya muunganisho uliwekwa latin1. MySQL, programu ya hifadhidata, ikaziona baiti tatu kama herufi tatu tofauti, ikaisimba upya kila moja, na sasa mahali pa baiti tatu pana nane.

Hapo ndipo zilipopotelea wijeti, vile visanduku vya pembeni au chini ya ukurasa, ambazo wengi wetu tuliambiwa “tuzipange upya”. WordPress, programu inayoendesha tovuti zetu, huhifadhi mipangilio ya wijeti pamoja na idadi ya baiti za kila kipande cha maandishi. Idadi iliyoandikwa ni ile ya awali, baiti zimeongezeka, basi PHP, lugha ambayo WordPress imeandikwa kwayo, inakataa kusoma mpangilio mzima. Kichwa kimoja chenye ng’ kinatosha kuangusha wijeti zote za aina yake. Ndiyo maana ushauri wenu wa kutafuta na kubadilisha maneno ndani ya hifadhidata ni wa hatari: mteja akiweka alama iliyonyooka, idadi bado haitalingana.

Dawa ipo. Kwa tovuti ambayo haijaandikwa kitu tangu kuhama, chukueni nakala rudufu ya kabla ya kuhama na muiingize upya kwa mysql --default-character-set=utf8mb4. Kwa tovuti yenye makala mapya, rekebisheni maandishi yaliyoharibika pekee, kwa CONVERT(CAST(CONVERT(post_content USING latin1) AS BINARY) USING utf8mb4), mkichuja kwa LIKE BINARY '%â€™%'. Msiipitishe amri hiyo juu ya makala yote, kwa sababu yaliyo mazima ndiyo yatakayoharibika. Makala ya zamani yaliyohaririwa baada ya kuhama yanahitaji jicho la mtu. Tumeifanya kazi hii kwenye nakala za majaribio: ng’ zilirudi, na tulipourekebisha vivyo hivyo mpangilio wa wijeti katika jedwali la wp_options, wijeti nazo zikarudi bila kupangwa upya. Tumefurahi sana kuziona, na tunataka kila mteja wa seva ile azipate zake.

La pili ni vyeti vya usalama. Katika DNS, orodha inayounganisha kikoa na anwani ya seva, mlibadilisha rekodi ya A (anwani ya IPv4) ikaelekea seva mpya, lakini rekodi ya AAAA (anwani ya IPv6, ya aina mpya) mmeiacha ikielekea ya zamani. Let’s Encrypt, mtoaji wa vyeti hivyo bila malipo, inapothibitisha kikoa kwa njia ya faili katika /.well-known/acme-challenge/, hutangulia kutumia IPv6 ikiwa AAAA ipo. Seva ya zamani bado inaitika, haina faili hilo, inajibu 404 (halipatikani), na uthibitisho unashindikana. Cheti hudumu siku 90 na kwa kawaida huhuishwa zikibaki 30, kwa hiyo hitilafu haionekani siku ya kuhama. Huja baadaye, pale kivinjari kinapomwonya msomaji kwamba tovuti si salama. Tena Let’s Encrypt iliacha kutuma barua pepe za kukumbusha mwezi Juni 2025.

Dawati lenu linasema “subirini saa 48 DNS isambae”. TTL ya rekodi zetu, yaani muda ambao seva nyingine huzikumbuka kabla ya kuuliza upya, ni sekunde 14400, yaani saa 4, na rekodi ambayo hakuna aliyeibadilisha haitabadilika hata tukisubiri mwaka. Amri ya dig AAAA, inayosoma rekodi hiyo, inaonyesha anwani ya zamani papo hapo. Wengine wameuziwa cheti cha kulipia “cha mwaka mzima” kama suluhisho. Kuanzia 15 Machi 2026 kikomo cha cheti kimoja ni siku 200, mwaka 2027 ni 100, na 2029 ni 47. Anayelipa leo bado atahitaji uhuishaji unaofanya kazi.

Tunaomba, kwanza kabisa, msizifute nakala rudufu za seva ya zamani wala msiifunge mpaka maandishi yarekebishwe. Zikipotea hizo, baadhi ya makala hayatarudi. Rekodi za AAAA zifutwe au zielekezwe upya kwa akaunti zote zilizohamishwa, zikiwemo za wateja ambao hawajalalamika. Waliouziwa vyeti warudishiwe fedha zao.

Tunategemea majibu ya fundi ndani ya siku 14. Yasipopatikana, tutaomba misimbo ya kuhamisha vikoa vyetu. Kwa vikoa vya .com kanuni za ICANN, msimamizi wa majina ya vikoa duniani, zinataka msimbo utolewe ndani ya siku 5.

Tumeambatisha orodha ya vikoa, matokeo ya dig kwa kila kimoja, na picha za kurasa zilizoharibika.

Wenu,
Wateja wa kifurushi kidogo