Tunaosubiri kupunguzwa kazi tupewe saa za kutafuta kazi nyingine

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua za wasomaji, na naomba pia jina langu lisichapishwe, kwa kuwa bado niko kazini na haya ninayoyaeleza yanaweza kunipotezea hata siku chache nilizobakiza. Mimi ni karani wa ankara katika kampuni moja ya kusambaza bidhaa za majumbani hapa Dar es Salaam, na kazi hii nimeifanya kwa miaka 13. Wiki tano zilizopita, kwenye ubao ulio kando ya mlango wa ghala, lilibandikwa tangazo kwamba kampuni inakusudia kupunguza wafanyakazi, kwa sababu wenye maduka sasa wanaagiza bidhaa wenyewe kwa simu na ankara zinatoka moja kwa moja kwenye mfumo. Majina hayajatangazwa. Lakini katika ofisi ya makarani 9 ambao kazi yao imechukuliwa na programu, hakuna anayehitaji kusomewa orodha ndipo ajue kwamba yumo.

Sina ugomvi na programu hiyo, wala siandiki kupinga uamuzi wa kampuni, ambao unajadiliwa na viongozi wa tawi letu la chama cha wafanyakazi katika vikao halali. Ninachoandikia ni kipindi hiki cha katikati, tangu tangazo lilipobandikwa hadi siku ya mwisho ya kazi, ambacho mtu anatakiwa aendelee kuchapa kazi kama kawaida na papo hapo aanze kutafuta riziki mahali pengine, lakini kwa siri, mithili ya mwizi.

Nitoe mfano wangu mwenyewe. Mwezi huu niliitwa kwenye usaili Mikocheni, siku ya Jumatano, saa 4 asubuhi. Hakuna usaili unaofanyika saa 12 jioni wala siku ya Jumapili, kwa hiyo nililazimika kuomba ruhusa, na kwa kuwa sikuthubutu kusema ninakokwenda, nikamwambia msimamizi wangu kwamba nampeleka mama kliniki ya macho. Mama yangu yuko Korogwe na anatunga uzi kwenye sindano bila miwani. Nilivyorudi mchana msimamizi akaniuliza kwa upole, "Mama anaendeleaje?" nami nikamjibu kwamba anaendelea vizuri, amepewa dawa ya matone. Nina miaka 46, ni mzee wa kanisa, na uongo ule ulinikaa kooni siku nzima.

Jumamosi iliyofuata nilikwenda steshenari moja ya Buguruni kutoa kopi za vyeti vyangu. Nikamkuta msimamizi huyohuyo amesimama kwenye foleni mbele yangu, ameshika bahasha ya kaki, na kijana wa kompyuta anamwuliza kama wasifu wake autoe kopi mbili au tatu. Tulisalimiana, tukaulizana habari za nyumbani, tukazungumzia mvua, na hakuna aliyemwuliza mwenzake amefuata nini pale. Jumatatu tulirudi ofisini tukaendelea kudanganyana kwa heshima. Tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza, kama mkubwa na mdogo wote wanatafuta kazi, na aliyebandika tangazo anajua kwamba wanatafuta, siri hii tunamfichia nani?

Hasara ya siri hii haiishii kwenye uongo. Kule Mikocheni niliulizwa kwa nini nataka kuondoka ninakofanya kazi. Nilijibu kwamba natafuta changamoto mpya, sentensi ambayo kila msailiwa huisema na hakuna msaili anayeiamini. Ningetaka kusema ukweli, kwamba kazi yangu imekwisha lakini mimi sijaharibu chochote, ila nilijua nitaambiwa nionyeshe ushahidi, na sina. Wakaniomba namba ya simu ya mkuu wangu wa kazi ili wamwulize habari zangu. Nikaomba nisiitoe kwanza. Nikawaona wanatazamana, na kama ningekuwa upande wao wa meza nadhani hata mimi ningemtazama mwenzangu, maana karani anayeshika hesabu za watu na hataki mkuu wake apigiwe simu ni mtu wa kutiliwa shaka.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi cheti cha utumishi ajira inapokoma. Ni jambo jema, lakini zingatia maneno hayo: ajira inapokoma. Cheti kinakuja siku mtu anapokuwa ameshatoka nje ya geti, wakati alikihitaji miezi miwili nyuma, alipokuwa bado na mshahara, nauli ya daladala na nguo ya kuvaa iliyopigwa pasi. Kila aliyewahi kutafuta kazi anajua kwamba mwajiri humpokea kwa moyo mwepesi zaidi mtu anayetoka kazini kuliko anayetoka nyumbani.

Sheria hiyohiyo, katika kifungu cha kupunguza wafanyakazi, inamtaka mwajiri atoe taarifa ya nia yake, atoe habari zote zinazohusika, kisha ashauriane na wafanyakazi au chama chao juu ya mambo matano: sababu za kupunguza, hatua za kuepuka au kupunguza makali yake, njia itakayotumika kuchagua watakaoondoka, wakati wa kuondoka, na malipo ya kiinua mgongo. Nimeisoma orodha hiyo zaidi ya mara moja, kwanza kwa matumaini na baadaye kwa kalamu mkononi. Jambo la sita, yaani mwajiri atawasaidiaje wanaoondoka wapate kazi nyingine, halimo. Na kwa kuwa halimo, vikao vyetu vyote vitatu vimezungumzia fedha. Siwalaumu viongozi wa tawi. Wao wanajadili yaliyoandikwa.

Tena fedha zenyewe si nyingi kiasi cha kuchukua vikao vitatu. Kiwango cha chini cha kiinua mgongo kisheria ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka uliotimia, na miaka inayohesabiwa haizidi 10. Mimi mwenye miaka 13 nitalipwa siku 70 sawasawa na mwenzangu mwenye miaka 10. Ile mitatu ya juu nimeitoa sadaka. (Kenya, sheria yao ya mwaka 2007 inataja siku zisizopungua 15 kwa kila mwaka, lakini hilo ni la barua nyingine.) Kuna pia fao la kukosa ajira la NSSF, mfuko wetu wa hifadhi ya jamii, ambalo kwa mwenye sifa ni theluthi moja ya mshahara kwa miezi 6, na nawasihi wenzangu wote walio katika hali kama yangu waangalie mapema kama michango yao imekuwa ikipelekwa kila mwezi, badala ya kuligundua pengo wakiwa wameshakabidhi kitambulisho cha kazi.

Lipo jambo moja katika hesabu hii ambalo wengi hawalioni mpaka liwafike. Kiinua mgongo hulipwa pale mwajiri anapokatisha ajira. Sasa chukulia kwamba nimebahatika, nimepata kazi nyingine leo, na mwajiri mpya anataka nianze Jumatatu. Nikiandika barua ya kuacha kazi kabla barua ya kampuni haijanifikia, nimeacha mwenyewe, na zile siku 70 zimekwenda. Nikisubiri barua ya kampuni ili nisizikose, ile nafasi mpya inapewa mwingine. Mwenzetu mmoja wa ghala limemkuta hilo wiki iliyopita. Amepata kazi Kibaha, akaenda kuuliza kama anaweza kuhesabiwa miongoni mwa watakaopunguzwa na kuachiwa mapema, akajibiwa kwamba utaratibu haujafika huko. Utaratibu ungelikuwa umefika, kampuni ingepunguza mtu mmoja anayetaka kuondoka, na mmoja asiyetaka angebaki. Hiyo nayo si ndiyo hatua ya kupunguza makali ambayo sheria inaitaja? Bado anawaza, na mkewe anamwambia aende, na mkopo wa benki unamwambia asubiri kiinua mgongo.

Ninachoomba si kikubwa. Tangu siku tangazo la nia linapobandikwa hadi siku ya mwisho, kila mfanyakazi anayeguswa apewe nusu siku kwa wiki, yenye malipo, ya kwenda kwenye usaili, kugonga mihuri ya vyeti kwa wakili au kujiandikisha kwenye ofisi ya Serikali ya huduma za ajira, na aipange pamoja na msimamizi wake ili kazi isilale. Apewe barua iliyotiwa saini inayoeleza cheo chake, miaka aliyofanya kazi na kwamba anaondoka kwa sababu za kiuendeshaji na si kwa kosa lake. Anayepata kazi kabla ya siku kufika aachiwe na haki zake. Mwajiri mwenye nia njema anaweza kuyafanya haya kesho asubuhi bila kusubiri Bunge. Kwa wengine, Wizara inayohusika na kazi ingeongeza lile jambo la sita katika orodha.

Wala si jambo geni duniani. Pendekezo Namba 166 la Shirika la Kazi Duniani, la mwaka 1982, linasema mfanyakazi aliyepewa notisi apate muda wa kutosha wa kutafuta kazi nyingine bila kukatwa mshahara, katika saa zinazozifaa pande zote mbili. Uingereza, sheria yao ya haki za ajira ya mwaka 1996 inampa muda kama huo ndani ya saa za kazi mfanyakazi anayepunguzwa ambaye ametimiza miaka 2 kazini. Viwanda vya huko havikufungwa kwa sababu hiyo. Kwetu, notisi ya anayelipwa kwa mwezi haipungui siku 28, na ukiondoa mwisho wa juma zinabaki kama siku 20 za kazi. Nusu siku kwa wiki ni saa 16 katika mwezi mzima wa notisi, pungufu ya muda ambao ofisi yetu hupoteza kusubiri umeme urudi.

Najua waajiri watasema kwamba mtu akipewa ruhusa ya kutafuta kazi, moyo wake unaondoka na kazi inadorora. Napenda niwajibu kama mtu aliyeko ndani. Moyo uliondoka siku ya tangazo. Sasa hivi katika ofisi yetu kuna anayekwenda maliwatoni kupokea simu na kukaa huko dakika kumi, kuna anayechapisha wasifu wake kwa mashine ya kampuni wakati wa chakula, na kuna aliyeugua malaria mara tatu ndani ya wiki tano. Kampuni inaulipia muda huo hata sasa. Tofauti ni kwamba inaulipia bila kujua nani hayupo na lini, ndiyo maana wiki mbili zilizopita makarani watatu waliugua siku moja na magari mawili ya mzigo yakalala geti kwa kukosa ankara.

Kwa upande wa Serikali nina neno moja la ziada, nalo linanihusu binafsi, hivyo naomba nisamehewe. Matangazo ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma huwataka waombaji wawe na umri usiozidi miaka 45, isipokuwa walioko kazini serikalini. Nina miaka 46. Nimefanya kazi kwa mwajiri binafsi, nimekatwa kodi kila mwezi kwa miaka 13, na katika mwaka ambao ningeuhitaji mlango huo nimeukuta umefungwa kwa mwaka mmoja tu. Watu wanaopunguzwa kazi mara nyingi ni wa umri huu wangu, wenye watoto sekondari. Ingefaa wenye mamlaka watuambie kama yule aliyepunguzwa bila kosa hawezi kufikiriwa kwa namna ya pekee.

Barua hii naiandika nyumbani, Tabata, usiku wa Jumanne. Alhamisi saa 3 asubuhi nina usaili mwingine, Kurasini, katika kampuni ya forodha inayotafuta mtu wa kukagua nyaraka za mizigo. Ruhusa bado sijaiomba. Macho ya mama nimeshayatumia, na jino nililitumia mwezi uliopita. Nafikiri kesho nitaingia kwa msimamizi wangu, nifunge mlango, nimwambie ukweli ninakokwenda, halafu nione atanijibu nini, hasa nikimkumbusha kwamba tulionana Buguruni.

Wako,
Karani wa Ankara,
Tabata, Dar es Salaam.