Taarifa ya mwenyekiti kwa wanachama: mwaka ulikuwa mgumu, tujiongeze kwa kile tunachokijua

Ndugu wanachama wa chama chetu cha wapigapicha, habari zenu na poleni na mihangaiko. Hii ndo taarifa yangu ya mwaka kama katiba yetu inavyotaka. Hesabu atazisoma mweka hazina kwenye mkutano kwahiyo sitazigusa hapa, nafasi yangu nataka niitumie kuongelea kitu ambacho karibu kila mwanachama aliyenipigia simu mwaka huu alikitaja, kwamba vyuma vimekaza na kupiga picha peke yake hakumalizi mwezi.

Hali mnaijua. Sherehe bado zipo ila bajeti zimebanwa, na mpigapicha ndo anakatwa mapema maana kila ukoo una kijana mwenye simu kali. Makampuni yaliyokuwa yanatuita mara kwa mara saivi yanataka mtu mmoja apige picha, arekodi video, aediti na atume siku hiyohiyo, na hela ni ileile. Alafu kuanzia 2022 zile programu za akili mnemba zinazotengeneza picha kutokana na maandishi zikafika mikononi mwa kila mtu, ndo zile kazi ndogondogo za picha za kujazia tangazo au kurasa zikaanza kuyeyuka. Mimi sioni zikirudi na sitaki kumpa mtu matumaini hewa.

Na mtu asije akadhani anakosa kazi kwa sababu hajui kupiga. Mwezi Mei 2013 gazeti la Chicago Sun-Times kule Marekani liliachisha kazi kitengo chake chote cha wapigapicha, na kati yao alikuwemo John H. White ambaye alishashinda Pulitzer, tuzo kubwa ya uandishi wa habari kule Marekani, waandishi wa habari wakaambiwa wapige wenyewe kwa simu. Yaani mtu ana Pulitzer na bado akaondolewa. Ubora wa picha ni lazima, hilo halina mjadala kwenye chama hiki, ila haukulindi kama unauza kitu kimoja tu na mnunuzi akaamua hakitaki tena.

Sasa kujiongeza kwenyewe kuna namna zake. Mfano ninaourudia kila nikipata nafasi ni wa Kodak na Fujifilm, kampuni mbili zilizokuwa zinatamba kwa filamu za kamera. Kodak ndo mhandisi wao Steven Sasson alitengeneza kamera ya dijitali tangu 1975, lakini kampuni ikaendelea kuegemea filamu, na Januari 2012 ikaenda mahakamani kuomba kinga ya kufilisika. Fujifilm nao soko la filamu liliwaporomokea vilevile, ila wao wakajiuliza sisi tunajua nini hasa? Wakaona wanajua jelatini, ile inayopakwa kwenye filamu, ambayo inatokana na protini inayoitwa kolajeni, na wanajua kuzuia rangi isipauke, na kolajeni ndo hiyohiyo iliyopo kwenye ngozi ya binadamu, basi 2007 wakaingiza sokoni vipodozi vya ngozi vya Astalift. Ukiangalia kwa juu unaweza kusema wamerukia biashara ya watu wengine, kumbe walikuwa wanatumia ujuzi uliokuwa kwenye maabara yao siku zote. Hilo ndo ninalowaomba wanachama, anza na unachokijua tayari na mteja uliyenaye tayari, alafu ndo unyooshe mkono.

Mwaka huu nimeona wenzetu wakifanya hivyo na nimefurahi sana. Kuna mwanachama mwenzetu wa picha za familia ameanza kuskani picha za zamani, na nataka niielezee hii kazi vizuri kwa sababu wengi wanaidharau. Mteja analeta albamu zile za kurasa zenye gundi na plastiki juu, picha zimeganda humo miaka na miaka. Mwenzetu kwanza anapiga picha ya ukurasa mzima kama ulivyo ili mpangilio usipotee, alafu anapitisha uzi wa kusafishia meno taratibu chini ya picha mpaka inaachia bila kuchanika, ikigoma anaiacha palepale na kuipiga kwa kamera. Anaskani kwa nukta 600 kwa inchi, maana picha ya sentimita 10 kwa 15 ukiiskani hivyo unaweza kuiprinti mara mbili ya ukubwa wake na bado ikawa safi, anahifadhi faili la TIFF, zito lisilopoteza ubora, kama la kutunza, na la JPEG, jepesi, la kutumiana. Nyuma ya picha kukiwa na mwandiko nao anauskani, kwa sababu mara nyingi jina la bibi wa bibi limeandikwa pale tu na hamna mwingine anayelikumbuka. Familia ikija kuchukua kazi yake inakaa pale inaangalia, watu wanalia, wanacheka, alafu wanaagiza fremu, na wengine wanaomba tarehe ya kupigwa picha ya ukoo mzima. Jicho la rangi na mwanga alikuwa nalo, wateja alikuwa nao, alichoongeza ni skana na uvumilivu.

Video ndo wengi wameingilia, na mafunzo tuliyofanya yalijaa. Narudia mambo mawili kwa ambao hawakufika. Ukirekodi fremu 25 kwa sekunde weka shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga, iwe 1/50 ya sekunde, achana na mazoea ya picha ya kuweka 1/500 maana mwendo utakuwa wa kukatakata, na nje kwenye jua funga filta ya kupunguza mwanga. La pili ni sauti, na hapa ndo kazi zetu nyingi zinaharibika. Watu wanavumilia video yenye giza kidogo ila sauti ya mwangwi wanaizima. Maiki ya kubana kwenye shati iwe kama shibiri moja chini ya kidevu, zima feni, zima na friji kama inanguruma, na ukizima friji ya mtu weka funguo zako humo ndani, hutaondoka bila kuiwasha.

Wengine wamekwenda kwenye picha za bidhaa, kufundisha, kuediti kazi za wapigapicha wenzao. Zote nzuri. Ninachokipinga ni kukopa hela kununua droni kabla hujapata hata mteja mmoja aliyeulizia, na kabla hujajua sheria za anga za pale unapofanyia kazi zinataka leseni gani. Nimeona wanachama wakilipa mkopo wa kifaa kilicholala kabatini na inaniuma.

Kuhusu bei, naomba tuelewane. Ukiongeza huduma ongeza na mstari wake kwenye ankara. Video isiwe zawadi ya picha, kuskani isiwe zawadi ya fremu, maana mteja akizoea bure anatuvunjia wote. Na kampuni ikitaka picha, andika itazitumia wapi na kwa muda gani, matumizi ya tangazo la barabarani sio sawa na picha moja ya kwenye ripoti. Chukua diposi kabla ya kazi, hata kama ni rafiki yako.

Kwenye akili mnemba kamati imekubaliana hivi: mwanachama aitumie kusafisha kelele, yaani zile chengachenga, kwenye picha au kupanga mafaili akitaka, ila picha ya tukio au ya mtu isiongezwe kitu ambacho hakikuwepo bila mteja kujua. Tunacholipwa sisi ni kwamba tulikuwepo pale na hivi ndivyo ilivyokuwa, na hicho programu haiwezi kukitoa.

Mwaka ujao kamati inapendekeza chama kinunue skana moja nzuri na seti ya maiki za kuazimana kwa zamu, ili mtu ajaribu huduma kabla ya kutoa hela yake mfukoni. Pendekezo litapigiwa kura mkutanoni, kwahiyo mwenye ada ambayo haijakamilika amalize mapema aweze kupiga kura. Tutaendelea na mafunzo ya sauti, na tunaongeza ya kuandika mikataba. Anayetaka kufundisha chochote anachokijua ampe katibu jina lake na mada, posho ya mkufunzi ipo.