Kijana wa saiba ya Kondele, asante

Kijana uliyevaa jezi ya kijani Jumanne jioni, kwenye saiba ile ya kompyuta za kukodi pale Kondele, Kisumu: jina lako sikuuliza, na hilo limenikera tangu siku hiyo.

Nina nyumba ya wageni ya vyumba vinne. Nilipandisha bei kwenye tovuti yetu, nikahifadhi, lakini wageni wakazidi kuja na bei ya zamani kwenye simu. Mmoja alininyooshea skrini kana kwamba mimi ni tapeli. Nikaibadilisha tena mara tano. Wapi!

Wewe hukunicheka. Uliifungua tovuti kwenye dirisha la faragha, lisilotumia nakala za zamani za kivinjari, na bei ikawa ile ile ya zamani. "Basi shida si kompyuta, mzee. Ni seva, mashine inayotunza tovuti yako, inagawa nakala iliyojiwekea." Ukasema kache, yaani nakala hizo, ni kama chapati za asubuhi: mteja hupewa zilizokwisha pikwa ili asingoje. Nikaelewa papo hapo.

Ukaniachia kiti niingie kwa nywila yangu, ukageukia ukutani nilipokuwa nikiiandika (wangapi hufanya hivyo?), kisha ukanionyesha kitufe cha kufuta kache. Mwisho ukanifunza kubonyeza Ctrl, Shift na R kwa pamoja, ili kivinjari nacho kiache nakala yake. Bei mpya hiyo!

Shilingi 200 ulizikataa, ukachukua 20 za kompyuta tu. Wenye saiba, mkiona mzee anabonyeza kitufe kimoja mara kumi, msogeleeni. Nawe kijana, pitia Jumamosi. Ugali na samaki vitakuwepo.