Barua ya wazi kwa mpwa wangu kuhusu Barbara Castle

Mpwa wangu mpendwa,

Nimeusoma ujumbe wako kuhusu hali ya hatari iliyotangazwa nchini Kenya mwaka 1952, na hasira uliyo nayo ni ya haki. Hata hivyo umeandika kwamba huko London hakuna hata mmoja aliyejali, na hapo ndipo ninapotaka tuzungumze, tena hadharani, kwa kuwa vijana wengi wa rika lako wanaamini hivyo hivyo. Alikuwako mbunge wa Blackburn, mji wa viwanda vya nguo kaskazini mwa Uingereza, aliyeitwa Barbara Castle.

Alizaliwa tarehe 6 Oktoba 1910 mjini Chesterfield, katika nyumba ambamo siasa haikukauka mdomoni, maana baba yake, mtumishi wa idara ya kodi, alikuwa msoshalisti ambaye baadaye alihariri gazeti la wafanyakazi mjini Bradford. Aliingia bungeni mwaka 1945 kwa tiketi ya chama cha Labour, akiwa mmoja wa wanawake 24 tu kati ya wabunge 640, na jimbo lake hakuliacha hadi mwaka 1979.

Mwishoni mwa mwaka 1955 alifunga safari kwenda Kenya kuchunguza mwenyewe yaliyokuwa yakitendwa na polisi. Mkuu wa polisi, Arthur Young, alikuwa amejiuzulu baada ya kukaa kazini chini ya mwaka mmoja, na barua yake ya kujiuzulu serikali ilikataa kuichapisha. Castle alishughulika hasa na kifo cha Kamau Kichina, aliyepigwa akiwa mikononi mwa polisi hadi akafa, na ambaye maafisa waliohusika walipewa adhabu isiyolingana kabisa na uhai wa mtu. Aliporudi aliendelea kumwandama Waziri wa Makoloni, Alan Lennox-Boyd, kwa maswali yenye majina, mahali na tarehe, yaani maswali ambayo waziri hawezi kuyakwepa kwa maneno ya jumla. Fikiria jambo hilo: watu aliowatetea hawakuwa na kura hata moja ya kumpa, na wapiga kura wake wa Blackburn walikuwa na shida zao za ajira.

Kisha yakatokea ya Hola. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi iliyokuwa karibu na Mto Tana, askari waliwapiga kwa marungu wafungwa waliokataa kufanya kazi ya lazima, na wafungwa 11 wakafa. Taarifa ya kwanza ya serikali ya kikoloni ilidai kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uongo huo haukudumu, na Castle alikuwa miongoni mwa wabunge wa upinzani walioshikilia kwamba wakubwa nao wawajibike, si askari wa chini peke yao. Mjadala wa tarehe 27 Julai ulivuka saa sita usiku, na hata Enoch Powell wa chama tawala cha Conservative, ambaye katika mambo mengine alikuwa mbali kabisa na Castle, alisimama akakataa wazo kwamba Mwafrika apimwe kwa kipimo cha haki tofauti na cha Mwingereza. Lennox-Boyd hakujiuzulu wakati huo. Jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Labour iliposhika madaraka mwaka 1964 Castle akawa waziri. Akiwa Waziri wa Uchukuzi, ingawa mwenyewe hakuwahi kujifunza kuendesha gari, alileta kipimo cha ulevi kwa madereva mwaka 1967 na kukabiliana na matusi mengi kwa ajili hiyo. Mwaka uliofuata wanawake washonaji wa viti vya magari katika kiwanda cha Ford cha Dagenham waligoma kudai kazi yao ithaminiwe ipasavyo. Aliketi nao, akasaidia kupatikana kwa mapatano, na mwaka 1970 akapitisha Sheria ya Malipo Sawa. Baadaye, akisimamia huduma za jamii, alitunga sheria ya mwaka 1975 ya posho ya watoto, ambayo fedha zake hulipwa kwa kawaida moja kwa moja kwa mama. Kwangu mimi hii ndiyo kazi yake kubwa nyumbani kwao. Jaribio lake la mwaka 1969 la kudhibiti migomo lilishindwa, na mwaka 1976 James Callaghan alimwondoa serikalini.

Sitakuficha doa lake. Mwaka 1968 alikuwa katika Baraza la Mawaziri lililopitisha kwa haraka sheria iliyowazuia Waasia wa Kenya wenye pasipoti za Uingereza kuingia huko kwa uhuru, na hakujiuzulu. Mtu aliyeijua Kenya kama yeye alipaswa kusimama siku hiyo, nami simtetei.

Alifariki dunia tarehe 3 Mei 2002, miaka 11 kabla ya serikali ya Uingereza kueleza masikitiko yake kwa mateso ya enzi hiyo na kukubali kuwalipa fidia Wakenya 5,228. Kumbukumbu za mijadala ya bunge lao zinasomeka bure kwenye intaneti. Anza na ile ya tarehe 27 Julai 1959, uisome yote, kisha uniandikie ni nani kati ya wasemaji aliyekushangaza.

Mjomba wako akupendaye