Barua ya wazi kwa Waziri wa Viwanda na Biashara: kelele za mawimbi zizuiwe bodi ya sakiti ikiwa bado mchoro

Mheshimiwa Waziri,

YAH: KUPIMA USUMBUFU WA MAWIMBI KABLA KIFAA HAKIJAINGIA KIWANDANI

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Vijana wetu wanabuni vifaa vya umeme kweli kweli: kontrola za sola, mita za maji, mashine za kutotolea vifaranga. Vikifika mbele ya majaji wa ubunifu vinaulizwa maswali mawili: kinafanya kazi? Kitauzwa bei gani? La tatu haliulizwi. Kikiwashwa, redio ya jirani itaendelea kusikika? Na simu ikiita kando yake, chenyewe kitaendelea na kazi?

Si ubishi wa wasomi huu. Nani hajasikia spika ikilia "titititi" sekunde chache kabla simu haijaita? Simu ya GSM hurusha mawimbi kwa vipande, mara 217 kwa sekunde, na waya za spika isiyo na kinga huyadaka. Kwenye spika tunacheka. Pampu ya dripu wodini ikisumbuliwa namna hiyo, hakuna wa kucheka.

Chukua kontrola ya sola, kile kifaa kinachosimamia umeme wa paneli unaoingia kwenye betri. Ndani yake kuna transista inayokata na kuunganisha umeme, tuseme, mara 100,000 kwa sekunde. Kelele zake, yaani mawimbi yasiyotakiwa, huangukia kwenye vigawe vya namba hiyo: kilohezi 600, 700, 800 na kuendelea, katikati kabisa ya bendi ya redio ya masafa ya kati. Transista ikiwa nyepesi sana kukata, kelele hupanda hadi FM. Halafu kuna waya wa paneli unaopanda mpaka paani. Antena gani tena utatafuta? Mikroampea 5 tu (ampea moja ni mikroampea milioni) zikipita kwenye waya wa mita moja, kwa megahezi 50, zinatosha kukivusha kifaa cha nyumbani kikomo cha FCC, mamlaka ya mawasiliano ya Marekani. Mikroampea tano! Mita ya kawaida ya fundi haiwezi hata kuziona.

Dawa yake, kama imewahiwa, ni rahisi mpaka inaudhi. Kwenye mchoro wa bodi, kile kibao kinachobeba sakiti, kapasita ya kuingilia umeme, transista na dayodi zinasogezwa zikaribiane ili mzunguko wa mkondo uzingire eneo dogo. Eneo likipungua nusu, nguvu ya mawimbi yake nayo hupungua nusu. Tabaka la shaba la chini linaachwa zima. Mkondo wa masafa ya juu hurudi ukifuata chini ya njia ileile uliyojia, na ukikuta shaba imekatwa unalazimika kuzunguka. Huko kuzunguka ndiko kunakozaa antena. Yote hayo ni kuhamisha vitu kwenye skrini ya kompyuta. Hujanunua kitu.

Ikichelewa je? Kuna kijana ninayemfahamu alikuwa ameshaagiza bodi na kuchongesha moldi ya kisanduku cha plastiki, ndipo mnunuzi wa nje akadai cheti cha vipimo vya kelele hizi. Kifaa kikafeli. Vikaanza viraka: pete za feraiti za kunyonya kelele kila waya, karatasi ya shaba ndani ya plastiki, kapasita zimening'inia. Mwishowe akachora bodi upya, na moldi ikawa chuma chakavu, kwa sababu soketi za waya zilihamia upande mwingine.

Najua nitaambiwa Kariakoo imejaa adapta na taa za bei poa zinazokoroma redioni bila kuulizwa, iweje tuwabane wa kwetu? Wa kwetu ndio tunaotaka wauze nje, na Ulaya sharti la kudhibiti kelele hizi ni lazima tangu 1996. Tena madhara hayaishii kwenye redio. Mwaka 2020 iliripotiwa kwamba intaneti ya kijiji cha Aberhosan, Wales, ilikuwa imesumbua kila asubuhi kwa miezi 18, na mafundi wakabadilisha nyaya za eneo lile bila mafanikio. Chanzo kilikuwa televisheni moja kuukuu, ambayo mwenyewe aliiwasha kila siku saa moja asubuhi.

Ninachoomba hakihitaji maabara ya mabilioni. SIDO, shirika letu la viwanda vidogo, ipo tangu 1973 na ina ofisi mikoani. Tuanze na mikoa michache, kila mmoja uwe na meza ya majaribio ya awali: spektramu analaiza (mashine inayoonyesha kelele ziko masafa gani), vijiti vya kunusia mawimbi juu ya bodi, na kisanduku cha kupimia kelele zinazotoroka kupitia waya wa umeme. Bei ya shangingi moja inanunua meza kadhaa za namna hiyo. Na fedha za umma wanazopewa wabunifu zitolewe kwa awamu, ya pili isitoke mpaka mchoro wa bodi uwe umekaguliwa kwa jambo hili, kabla bodi hazijaagizwa. Wala asiachwe peke yake atakayekutwa na kasoro. Aketi na mkaguzi warekebishe hapohapo.

Sabasaba ijayo, ukifika banda la wabunifu, nakuomba uingie na redio ndogo ya betri. Iweke masafa ya kati, mahali pasipo na stesheni, uipitishe juu ya meza moja moja. Pale itakapokoroma, muulize mwenye kifaa alipima lini.

Wako katika ujenzi wa Taifa,

Fundi na mchoraji wa sakiti,
Dar es Salaam