Barua kwa vijana wa mauzo wa Rangi Tatu: mwezi mbaya ni wa nani?

Marahaba wanangu. Naanza na marahaba maana najua mshanisalimia moyoni kabla hata hamjasoma mstari wa kwanza, heshima yenu naiona kila siku mnaposimamisha magari na pikipiki zenu hapa dukani kwangu Mbagala Rangi Tatu, wa sabuni, wa biskuti, wa juisi, wa vocha, wote nyie ni watoto wangu na kazi mnayoifanya mimi nimeifanya tangu 1994 mpaka magoti yalipokataa.

Jumamosi yamenitokea mawili kwa siku moja ndo nikaamua kukaa niandike. Asubuhi alikuja binti mmoja kati yenu, ana ofa mbili mkononi. Moja besiki, yaani mshahara wa msingi, laki 3 na nusu na kamisheni, wamemwambia akikomaa anafikisha milioni 1 na laki 8 kwa mwezi. Nyingine laki 8 na nusu, haina kamisheni, kuna bonasi ndogo mwisho wa mwaka, ila watu wa kule wanaondoka saa 11 jioni na Jumapili hakuna anayewapigia simu. Akaniuliza, mzee niende kwenye hela au niende kwenye amani? Nikamwambia ngoja, nitakujibu wewe na wenzako. Alafu jioni, tarehe 29 ile, akaja kijana wa biskuti jasho linamtoka utadhani kakimbizwa, anasema mzee nisaidie chukua katoni 40, mali kauli, hela utanipa ukiuza, nimebakiza kidogo tu nifunge tageti, kile kiwango cha mauzo cha mwezi alichopangiwa. Nilimtazama yule mtoto nikajiona mimi mwenyewe.

Swali la binti nimelizungusha kichwani siku tatu, na ninavyoona mimi hela na amani siyo vitu viwili vya kuweka kwenye mizani. Kitu cha kuuliza ni kimoja, mwezi ukiwa mbaya, ni mwezi wa nani? Wa kwako peke yako au wa kwako na kampuni? Maana mwezi mzuri kila mtu ni wake, bosi anafurahi, supavaiza anapiga picha na wewe anaweka kwenye grupu la WhatsApp. Mwezi mbaya ndo unaonyesha uko wapi.

Na miezi mibaya kwenye kazi yetu haikwepeki, hata uwe na mdomo wa asali. Januari watu wamelipa ada, hela hakuna. Masika ikikolea gari haliingii Msongola, haliingii Kivule, na wateja wako wako huko huko. Mfungo wa Ramadhani muuza biskuti analia, muuza tambi na sukari anacheka. Mikoani ndo kabisa, unauza kwa kufuata mazao, Shinyanga na Simiyu unasubiri pamba, Mtwara na Lindi unasubiri korosho. Hayo yote hayajui tageti yako ni shilingi ngapi.

Ngoja niwaambie kwanza tulikotoka. Mlipokuwa hamjazaliwa kulikuwa na RTC, kampuni za biashara za mikoa, za serikali, sabuni ikifika watu wanapanga foleni tangu alfajiri, na aliyekuwa anabembeleza ni mnunuzi. Ruksa ya Mzee Mwinyi, rais aliyefungulia biashara huria, ilipoingia bidhaa zikajaa, ikawa zamu ya muuzaji kubembeleza, ndo hapo rika langu tukapata ajira. Mimi nilianzia kwenye gari la sabuni, Buguruni na Vingunguti, besiki ndogo ila kamisheni ilikuwa ya maana, na kwa kamisheni hiyo 1998 nikanunua kiwanja Kongowe ambacho nyumba yangu imesimama mpaka leo. Kwa hiyo asije mtu akasema mzee anatukataza hela. Hela ya mauzo imenijengea.

Ila kuna 2009. Nilikuwa kampuni nyingine, sitaitaja, ilikuwa inalipa kuliko zote nilizowahi kupita, mwezi mzuri naondoka na mara tatu ya besiki. Tarehe 30 supavaiza akanambia funga mwezi vyovyote vile, nikamshushia mteja wa jumla mmoja Charambe mzigo wa milioni 1 na laki 9, mali kauli, kwa kauli yake na yangu, karatasi hakuna. Tarehe 12 napita kuchukua hela nakuta kufuli, jirani ananambia amehamia mkoani wiki iliyopita. Ofisini supavaiza yule yule akaandika ripoti kuwa nimekopesha bila kibali, ikahesabiwa ni shoti yangu, yaani upungufu wa hela ninaodaiwa mimi, nikawa nakatwa nusu ya mshahara kila mwezi mpaka ikaisha. Mke wangu aliuza cherehani lake mtoto wetu wa pili arudi shule. Presha niliyonayo leo nilipimwa mara ya kwanza mwaka huo huo.

Na kilichoniuma baadaye ni kujua kwamba sheria ilikuwepo na mimi siijui. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akitaka kukukata kwa ajili ya hasara lazima hasara hiyo iwe imetokea kazini na kwa kosa lako, upewe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara wako. Robo, siyo nusu. Kwa hiyo karatasi ya kukubali kukatwa usiisaini ukiwa umesimama mlangoni kwa meneja huku unatetemeka, omba uende nayo nyumbani uisome.

Hii tabia ya kufunga mwezi kwa kujaza wateja nayo niiseme maana mnaifanya wote na hakuna anayewaambia. Katoni 40 nikizichukua tarehe 29 wewe umefikisha tageti, sawa, ila tarehe 5 ukirudi mimi sina oda, ghala limejaa, itafika tarehe 20 bado nauza zile zile. Umekula mwezi ujao ili ushibe mwezi huu, na mwezi ujao itabidi ule unaofuata, na tageti nayo inapandishwa maana ofisini wanaona "mlifikisha". Mwisho unaanza kuangusha bei, unatoa punguzo kwenye kamisheni yako mwenyewe ili mzigo utoke, na raundi nzima inaharibika maana duka la pili likisikia bei ya duka la kwanza hakuna anayenunua kwa bei halali tena.

2010 niliondoka, nikaenda kampuni ndogo, mshahara pungufu karibu theluthi. Ndugu walinisema sana. Miaka minane baadaye nikiwa supavaiza wao kanda ya kusini ndo nikaelewa nilichonunua kwa ile theluthi. Tageti ya mwishoni mwa 2018 ilipangwa kwa kuangalia msimu uliotangulia, ambao bei ya korosho ilikuwa juu sana na Masasi na Newala kila duka lilikuwa linauza. Msimu ule wa 2018 wakulima wakazigomea bei mnadani, korosho zikakaa maghalani, hela ikachelewa kushuka mtaani, ukipita Tandahimba wenye maduka wamekaa tu mlangoni. Nikampigia meneja wetu, mama mmoja mtu mzima. Hakunifokea. Alishuka mwenyewe kutoka Dar, akazunguka na sisi siku tatu duka kwa duka, akarudi akashusha tageti nusu kwa miezi mitatu na bonasi akaihamisha, tukawa tunalipwa kwa kukusanya madeni ya zamani badala ya kusukuma mzigo mpya. Vijana wangu sita wote walibaki, hakuna aliyekopesha ovyo, na hela ilipoanza kuzunguka tena sisi ndo tulikuwa na wateja wasiodaiwa. Hiyo ndo ninayoiita kazi yenye amani. Siyo kwamba hatukuwa na kazi, tulikuwa tunatembea mpaka soli zinaisha, ila mwezi mbaya tuliubeba pamoja.

Sasa binti, hesabu. Ile milioni 1 na laki 8 usiitazame nzima. Kila shilingi inayovuka milioni 1 kwa mwezi TRA, watu wa kodi, wanachukua asilimia 30. Toa mafuta ya pikipiki kama wanakuachia mwenyewe, toa bando, vocha, chakula cha barabarani. Alafu uwaulize walio kule wameifikisha hiyo hela miezi mingapi kati ya 12, siyo mwezi gani walifikisha. Upande wa pili ile laki 8 na nusu ukitoa asilimia 10 ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, na kodi unabaki na kama laki 6 na 95 hivi, ndogo, ila inakuja kila mwezi, masika na kiangazi.

Na kuna jambo ambalo nyie mabinti hasa mlishike. Likizo ya uzazi ni siku 84 za malipo, likizo ya mwaka ni siku 28, lakini ukiwa umelala hospitali na mtoto kamisheni haikufuati, unabaki na laki 3 na nusu yako. Kiinua mgongo ni hivyo hivyo, kinahesabiwa kwa mshahara wa msingi, siku 7 kwa kila mwaka uliomaliza mpaka miaka 10, kwa hiyo cha ofa ya kwanza hakifiki nusu ya cha ofa ya pili hata kama miaka yote ulikuwa unaongoza kwa mauzo. Na waulize hili kabla ya kusaini: nikienda likizo, tageti yangu inapunguzwa? Wakicheka umeshapata jibu. Mimi nimeona watu wanarudi likizo wanakuta tageti ya mwezi mzima inawasubiri na siku 10 zimebaki.

Ila msinielewe vibaya mkakimbilia kila penye utulivu. Kuna ofisi zimetulia kwa sababu zimekufa. Mzigo hautoki, bosi haulizi maana hata yeye amekata tamaa, mshahara wa mwezi wa tatu unatoka mwezi wa tano, mnakaa mnakunywa chai na kuangalia simu. Hapo mkono unalala, na muuzaji mkono ukilala miaka miwili kuuamsha ni kazi nzito, nimewaona wenzangu waliotoka huko hawawezi tena kusimama mbele ya mteja wakataja bei bila kuomba radhi. Bora upigwe presha na kampuni inayouza kuliko kupumzika hapo.

Na wewe ambaye una miaka 23, huna mtoto, huna mzazi anayekutegemea, kama umepata penye kamisheni kubwa na hasara hawakubebeshi, nenda, ila nenda na tarehe ya kutoka. Jiwekee miaka miwili au mitatu, sema nataka kiwanja, nataka mtaji. Ishi kwa besiki, kodi ya chumba ilipwe na besiki, kamisheni ikiingia iweke pembeni kama mkulima anavyoweka mbegu. Kilichowamaliza wengi wa rika langu ni kupangisha nyumba ya mwezi mzuri, wakaja kuilipia kwenye mwezi mbaya.

Kabla ya kuingia kampuni yoyote njooni mtuulize sisi wenye maduka. Tunajua kuliko mnavyodhani. Kuna kampuni mimi nimeona sura nne mpya tangu mwaka uanze, kila anayekuja anaulizia deni lililoachwa na mwenzake, na kuna kampuni kijana ni yule yule mwaka wa sita, anajua mpaka jina la mjukuu wangu. Simsemi mtu vibaya kwa kuandika, ila ukija ukakaa kwenye benchi nitakuonyesha invoisi na utajionea majina yanavyobadilika.

Binti yangu, Jumamosi njoo na mikataba yote miwili baada ya saa 9, duka huwa limepoa, tuanze na ukurasa wa makato kabla ya ule wa mshahara. Na wewe wa biskuti, nimechukua katoni 10 na nimezilipa taslimu. Zile 30 zirudishe ghalani kesho asubuhi, andikiwa risiti ya kurudisha mzigo, na usimwachie mtu yeyote njiani hata akikuapia kwa jina la mama yake.